Taa ya pikipiki katika njia ya Likasi

Wengi wenu mwaijua njia itokayo Lubumbashi kwenda Likasi. Ni kilometa 120 hivi za lami, sehemu ya njia kuu namba 1 ya taifa. Mchana nimeipita mara nyingi. Usiku, juu ya pikipiki, nimeipita mara mbili tu, katika kiangazi kimoja. Mara ya kwanza nusura niue mtu. Mara ya pili nilifika salama, na wale niliokutana nao njiani wakaenda zao salama vilevile. Pikipiki ilikuwa ile ile, na dereva mimi yule yule. Kilichogeuka ni taa, pamoja na maarifa kidogo ya kuitumia. Hayo ndiyo nitakayowasimulia leo.

Njia ilivyo mchana

Ukitoka Lubumbashi waiacha nyuma dohani ndefu ya kiwanda cha zamani, pamoja na kile kilima cheusi cha mabaki ya madini, ambavyo kila mtoto wa mji huvichora shuleni. Baada ya nyumba za mwisho huanza mwitu wa miombo. Huku na huku vichuguu vimesimama, vingine virefu kupita nyumba, na watu huchimba udongo wake kufyatua matofali. Mbele ni Luisha, mahali pa machimbo. Kisha mto Lufira na daraja lake. Halafu njia yaanza kupanda na kushuka katika vilima, mpaka Likasi, mji ambao hadi mwaka 1966 uliitwa Jadotville.

Njia hiyo haina usingizi. Malori makubwa hushuka na shaba na kobalti kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, mengine hupanda na mafuta, chokaa na kiberiti cha viwandani. Kati yao hupita mabasi, magari madogo na vijana wa pikipiki tuwaitao manseba. Na pembeni, karibu kabisa na majani, hupita watu ambao mwenye gari hawahesabu: mama mwenye beseni kichwani, watoto watokao shule, na wale wachukuzi wa makaa, kila mmoja akiisukuma baiskeli yake iliyolemewa na magunia marefu kuliko yeye mwenyewe.

Mchana wote hao wanaonekana. Usiku wangali pale pale, ila hawaonekani.

Safari ya kwanza

Ilikuwa mwezi wa Julai, saa 10 ya jioni, nilipopata habari kwa simu kwamba mama mdogo amelazwa huko Likasi na hali yake si njema. Mabasi ya siku hiyo yalikuwa yamekwisha kuondoka. Nikamchukua mpwa wangu, kijana wa miaka 14, nikamketisha nyuma. Nyuma yake nikafunga mfuko wa unga na blanketi mbili, maana mgonjwa huhitaji chakula na nguo za kujifunika, na usiku wa Julai katika Katanga ni wa baridi kali. Saa 11 na nusu tukaondoka.

Katika nchi yetu jioni haikawii. Jua huzama kama saa 12, na kabla ya kupita nusu saa giza limekwisha kushika njia yote. Nikawasha taa. Nuru yake ilikuwa ya rangi ya chungwa bivu, na kila nilipopunguza mwendo ilizidi kufifia. Sikujali. Taa ilikuwa hivyo tangu siku nyingi, nami katika mitaa ya mji, penye taa za maduka, sikuihitaji sana.

Malori yaliyotujia mbele yakaanza kutuwashia na kutuzimia taa zao. Mara moja, mara mbili, kila lori. Nilidhani ni majivuno ya madereva wa vyombo vikubwa, wanaotaka wadogo watoke njiani. Nikanung'unika moyoni, nikaendelea.

Tulipita Luisha. Katika miezi ile watu huchoma majani ya mwituni, na usiku moshi hushuka mabondeni na kulala juu ya lami kama maziwa yaliyomwagika. Tukavuka daraja la Lufira. Nikawa naenda kilometa 60 kwa saa, mwendo nilioudhani wa busara. Ndipo lori likatokea juu ya kilima, na taa zake zikanijaa machoni. Nikaona weupe mtupu. Lilipokwisha kupita, palikuwa na weusi mtupu. Na katika weusi ule, karibu kabisa na gurudumu langu la mbele, nikaona gunia.

Sikufikiri. Mikono ilifanya yenyewe. Nikakaza breki, nikapinda kushoto, usukani ukagusa gunia, pikipiki ikateleza, na sote wawili tukajikuta chini, nusu kwenye lami, nusu kwenye changarawe. Mpwa wangu alichubuka goti na kiwiko. Mimi niliumia bega. Makaa yalitapakaa njiani.

Mwenye makaa alikuwa mzee. Hakuanguka. Alisimama ameishika baiskeli yake kwa mikono miwili, akipumua kwa nguvu. Niliogopa maneno yake, maana nilistahili matusi. Lakini alimwinua kwanza mtoto, akamtazama goti, kisha akaniambia:

"Mwanangu, mimi nimekuona tangu mbali. Niligeuka nikaiona taa yako. Lakini ilikuwa ikimulika majani ya miti huko juu. Mimi nipo hapa chini."

Nikasema, "Nisamehe, baba." Sikuwa na neno lingine. Tukaokota makaa pamoja, tukayarudisha guniani, nikamlipa yale yaliyopondeka. Tulifika Likasi kama saa 4 ya usiku, tukienda polepole sana. Mama mdogo alikuwa hai, na baada ya majuma mawili alirudi nyumbani. Lakini usiku ule kitandani sikumfikiri mgonjwa tu. Nilifikiri neno la mzee: taa ilikuwa ikimulika majani ya miti.

Hesabu ya giza

Mimi ni mwalimu, na mwalimu akiogopa hufanya hesabu. Tufanye pamoja.

Pikipiki iendayo kilometa 60 kwa saa hupita karibu meta 17 katika sekunde moja. Tangu jicho lione hatari mpaka mkono ukaze breki, hupita kama sekunde moja na nusu; hizo ni meta 25. Breki nazo, katika lami kavu na nzuri, huhitaji meta nyingine 25 hivi kabla ya gurudumu kusimama. Jumla ni meta 50. Kwa kilometa 80 kwa saa, jumla yapita meta 75. Katika changarawe au lami yenye maji huwa zaidi.

Siku chache baadaye nilimsimamisha mpwa wangu gizani nyuma ya nyumba, amevaa koti jeusi, nikawasha ile taa, nikapima kwa hatua. Nilimtambua alipokuwa hatua 25 tu mbele yangu. Basi usiku ule, hata bila lori na bila moshi, ningeanza kukaza breki wakati ambapo gurudumu limekwisha kumfikia mzee yule. Sikuwa dereva mwenye bahati mbaya. Nilikuwa dereva kipofu aendaye mbio.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za njiani. Katika kila watu 100 waliokufa, 21 walikuwa juu ya pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu, na 23 walikuwa wakienda kwa miguu. Mimi na mzee yule wa makaa tulikuwa karibu kuingia katika hesabu kama hiyo, kila mmoja katika fungu lake.

Kwa fundi wa mtaa wa Kenya

Niliporudi Lubumbashi nilikwenda katika mtaa wa Kenya, karibu na soko kubwa, kwa fundi mmoja ambaye watu humsifu kwa kuwa hasemi sana. Mfukoni nilikuwa na fedha za kununua taa mpya. Nilikuwa nimeiona sokoni: balbu ya LED yenye nuru nyeupe inayoelekea buluu, kali hata huwezi kuitazama. Muuzaji alinihakikishia kwamba itageuza usiku kuwa mchana.

Fundi aliisikiliza habari yangu yote. Akaniambia, "Mwalimu, mtu hanunui miwani kabla ya kunawa uso. Tuanze na uso." Akaivuta pikipiki kivulini, akaanza kazi. Nitaeleza hatua kwa hatua, maana kila mwenye pikipiki aweza kuzifuata, na nyingi hazina gharama.

Hatua ya kwanza ilikuwa kusafisha. Kioo cha mbele cha taa yangu kilikuwa cha plastiki, nacho kilikuwa kimegeuka manjano kwa jua na kukwaruzwa na vumbi. Alikiosha kwa maji na sabuni, kisha akakisugua kwa msasa laini kabisa uliolowa maji, mwisho kwa dawa ya kung'arisha. Kisha akafungua ndani, akanionyesha lile bakuli linalong'aa kama fedha, ambalo kazi yake ni kuipokea nuru ya balbu na kuitupa mbele. Langu lilikuwa limechakaa, na lilikuwa na mabaka meusi. Alinionya kwamba bakuli hilo halisuguliwi kamwe kwa kitambaa, kwa sababu ngozi yake ya fedha ni nyembamba sana na hubanduka. Likiharibika hubadilishwa.

Hatua ya pili ilikuwa umeme. Aliwasha injini akapima kwenye betri kwa kipimo chake: volti 13.5. Kisha akapima kwenye balbu yenyewe: volti 11.6. Karibu volti 2 zilikuwa zimepotea njiani, katika waya nyembamba, katika swichi iliyochakaa, na mahali ambapo waya wa kurudi umefungwa kwenye chuma chenye kutu. Volti 2 zaonekana kuwa chache. Lakini balbu ya halojeni ina tabia hii: ukiipunguzia umeme kidogo, nuru hupungua sana. Kwa upungufu huo wangu, nuru iliyopotea ilikuwa karibu mafungu 2 katika 5. Nilikuwa nimeilipia taa nzima na kutumia nusu na zaidi kidogo.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Aliukwangua ule mfungo wenye kutu mpaka chuma kikang'aa. Kisha akavuta waya mnene kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye taa, akaweka katikati rilei, yaani kile kidude kidogo kinachofanya kazi ya bawabu. Swichi ya usukani haibebi tena umeme wote. Yatoa amri tu, na bawabu hufungua mlango mkubwa. Karibu na betri aliweka fyuzi ya ampea 10, ili waya ukichubuka usiunguze pikipiki. Ukitaka kujua taa yakula umeme kiasi gani, gawa wati kwa volti: balbu ya wati 35 kwa volti 12 hula karibu ampea 3, na ya wati 60 hula ampea 5.

Aliniambia pia kwamba si pikipiki zote zilizo kama yangu. Nyingi ndogo huilisha taa kutoka dinamo ya injini bila kupita katika betri. Hizo ndizo ambazo taa yake hung'aa ukienda mbio na kufifia ukisimama, na balbu nyingi za LED zikitiwa humo humetameta. Kwa hizo yampasa fundi abadilishe kwanza mfumo wa umeme, na asiyeujua vema asiuguse.

Hatua ya tatu ilikuwa balbu, nami hapo nikamwuliza habari ya ile nyeupe ya sokoni. Akanieleza kwa kuchora chini kwa kijiti.

Habari ya balbu na macho ya wengine

Pikipiki nyingi za zamani zilimulika kwa gesi ya kabidi, ile ile iliyowaka katika taa za wachimba madini: maji hudondoka juu ya jiwe la kabidi, gesi hutoka, nayo huwashwa. Baadaye zikaja balbu za umeme. Mwaka 1962 balbu ya kwanza ya halojeni ilitiwa katika magari huko Ulaya, na mwaka 1971 ikaja ile iitwayo H4, yenye nyuzi mbili ndani: mmoja wa nuru ya mbali, mmoja wa nuru ya chini. Taa za LED nyeupe zimekuja baada ya Wajapani kuvumbua LED ya buluu yenye nuru ya kutosha. Kwa kazi hiyo Akasaki, Amano na Nakamura walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2014. LED hula umeme kidogo na hudumu sana. Si kitu kibaya.

"Lakini tazama," alisema fundi. "Bakuli la taa hupimwa kwa uzi wa balbu yake. Uzi ukikaa mahali pake hasa, nuru hutoka imekatwa juu kama kwa kisu: chini ni njia, juu ni giza, na anayekuja mbele haumii macho. Ukitia kitu kingine chenye nuru kubwa, lakini nuru yake yatoka mahali pengine, bakuli halijui la kufanya. Laitawanya kila upande. Wewe waona weupe mwingi karibu nawe na kufurahi. Mbali huoni zaidi. Na mwenye kuja mbele yako haoni kitu."

Nikalikumbuka lile lori la kilimani. Basi nami ningenunua kwa fedha yangu jambo lile lile nililotendewa.

Akaniambia kwamba mwenye kutaka LED na anunue taa nzima, bakuli na kioo na vyote, iliyotengenezwa kwa LED tangu mwanzo na yenye ukato wa nuru ya chini. Balbu yenye wati kupita kipimo nayo aliikataa: dinamo ndogo haiwezi kuilisha, na joto lake huyeyusha plastiki.

Kisha akanionyesha jambo ambalo sikulijua kabisa. Sisi Wakongomani twapita kuume kwa njia. Wenzetu wa Zambia na Tanzania hupita kushoto, na vipuli vingi vyatufikia kutoka huko, kwa Kasumbalesa. Taa nyingine hutengenezwa ili nuru ya chini ipande kidogo upande wa pembeni, imulike waendao kwa miguu. Kwa wapitao kushoto, hupanda kushoto. Taa ya namna hiyo ikija kwetu, nuru hupanda upande wa katikati ya njia, moja kwa moja machoni pa anayekuja. Taa yangu, iliyonunuliwa na mwenyewe wa kwanza sijui wapi, ilikuwa ya namna hiyo! Basi wale madereva wa malori hawakunionea kwa majivuno. Walikuwa wakiniomba.

Tukatafuta bakuli jipya na kioo chake, vya nchi zipitao kuume, na balbu mpya ya halojeni ya wati 35 zile zile. Fundi aliishika kwa kitambaa safi, asiguse kioo chake kwa vidole, kwa kuwa mafuta ya ngozi hukichoma balbu ikipata moto.

Ukuta wa shule

Hatua ya nne, iliyo ya maana kuliko zote, haikugharimu hata faranga moja. Tulingoja jioni, tukaenda kwenye ukuta mweupe wa shule, mahali penye uwanja sawasawa. Tulitia upepo wa kutosha katika magurudumu. Nikapanda mimi, mpwa wangu nyuma, na mfuko wa unga nyuma yake, kama siku ile ile ya Julai.

Nilitaka kujua kwa nini mzigo. Fundi akasema, "Washa kwanza bila mzigo." Nuru ikasimama ukutani. Kisha tukapanda sote na mfuko. Nyuma ya pikipiki ikashuka, mbele ikainuka, na nuru ikapanda ukutani mbele ya macho yetu, ikapita dirisha, ikafika karibu na paa. Hapo nikayaona majani ya miti ya yule mzee.

Basi fanyeni hivi. Pimeni urefu kutoka chini hadi katikati ya taa, mkaweke alama ya chaki ukutani kwa urefu huo huo. Pikipiki isimame meta 10 kutoka ukuta, ikiwa imebeba watu na mzigo kama itakavyobeba safarini. Washeni nuru ya chini. Ukingo wake wa juu uwe sentimeta 10 chini ya alama ya chaki. Ukiwa juu zaidi, legezeni msumari wa taa mkaishushe, au kazeni springi za nyuma kama zina nafasi ya kukazwa. Manseba anayebeba abiria wawili usiku na afanye hivyo leo hii, maana taa yake yawaumiza watu nayo haimsaidii.

Mwisho fundi alitazama nyuma. Taa nyekundu ilikuwa haiwaki kabisa, nami sikujua, maana nani hutazama mgongo wake mwenyewe? Akaitengeneza, akabandika na utepe wa kuakisi. Utepe huo hauna umeme wala betri; una chembe ndogo ndogo zinazoirudisha nuru kule kule ilikotoka, hata dereva wa lori auone kama kijinga cha moto akiwa angali mbali. Sheria yetu ya njia ya tarehe 30 Agosti 1978 yadai taa usiku, nami nilikuwa nikidhani kwamba taa maana yake ni ya mbele tu.

Safari ya pili

Mwanzo wa Septemba mpwa wangu alikuwa arudi Likasi kwa masomo. Tulikusudia kwenda mchana, lakini gurudumu lilitoboka, na mpaka lizibwe, jua lilikuwa limeinama. Nikafikiri kulala. Kisha nikasema: tutaenda, ila kwa mwendo wa macho yetu.

Njia ilikuwa ile ile, lakini nilikuwa kama sijawahi kuipita. Niliona ukingo wa lami ulipomeguka. Niliona miguu ya watu kabla ya kuwaona watu wenyewe. Karibu na Luisha niliona matawi ya miti yametandikwa njiani. Nikapunguza mwendo, na hatua mia mbele lori lilikuwa limeharibika, limezimika taa zote. Bila nuru, matawi yale yangekuwa majani tu, na lori lingekuwa ukuta.

Lori likija mbele, nilishusha nuru mapema, nikalegeza mwendo, na macho yangu nikayaelekeza kwenye ukingo wa kuume wa njia, si kwenye taa zake. Maana jicho likipigwa na nuru kali huhitaji sekunde kadhaa kupona, na la mzee huhitaji zaidi. Katika moshi nilijaribu nuru ya juu mara moja tu: ikarudi yote machoni mwangu kama pazia jeupe. Nikairudisha chini, tukaenda pole. Njia nzima hakuna dereva hata mmoja aliyetuwashia na kutuzimia.

Katika daraja la Lufira wachukuzi wa makaa watano walikuwa wamepumzika, baiskeli zimeegemezwa. Tukasimama, tukasalimiana. Nilikuwa na kipande cha utepe wa kuakisi kilichobaki, nikakikata kwa kisu, nikawapa kila mmoja kipande. Mmoja wao, mtu mzima, alikigeuza mkononi.

"Hiki hakina moto, mwanangu. Kitawakaje?"

Nikamwomba akifunge nyuma ya gunia. Nikairudisha pikipiki kwa kuisukuma hatua 80 hivi, nikawasha taa. Vipande vyote vitano vikawaka pamoja gizani. Mwenyewe hakuona kitu, kwa kuwa alisimama pembeni na nuru humrudia mwenye taa. Nikamwita aje nilipo mimi. Akaja, akatazama, akapiga makofi, akawaita wenzake mmoja mmoja waje waone. Hatukuondoka pale mpaka wa mwisho alipokwisha kutazama. Mzee wa Julai hakuwa kati yao. Niliuliza habari zake. Wachukuzi ni wengi, hawakumtambua.

Tulifika Likasi tumechelewa karibu saa moja kuliko ambavyo kijana mwenye haraka angefika. Mama mdogo alikuwa mlangoni.

Wasomaji wapendwa, usiku si wakati wa safari kwa mtu awezaye kungoja asubuhi. Lakini ugonjwa haungoji, wala uchungu wa kuzaa, wala gurudumu lililotoboka. Siku hiyo yaja kwa kila mmoja. Basi kabla haijaja, osheni kioo, kwangueni kutu, tafuteni ukuta na kipande cha chaki. Na mkikuta dereva anawawashia na kuwazimia taa, msinung'unike. Simameni pembeni, mkatazame taa yenu yamulika nini.